Kabla ya Kuilaumu Diski, Kagua Kebo

Nikiletewa kompyuta ya zamani yenye diski ya IDE (ile ya kizazi cha kabla ya SATA, yenye kebo pana bapa) inayosuasua, naanza na kebo. Wengi huichukulia kuwa utepe tu: ikiingia kwenye pini 40, basi inafaa. Kumbe zipo aina mbili, na plagi zake zinaingiliana.

Ya nyaya 40 inatosha mpaka megabaiti 33 kwa sekunde. Diski ya Ultra DMA 66 (njia ya kupitisha data kwa kasi, hadi megabaiti 66 kwa sekunde) kwenda juu inataka nyaya 80, ingawa pini ni zilezile 40. Nyaya zote 40 za ziada ni za ethi (waya wa ardhi, usiobeba data), zimelala katikati ya zile nyingine ili data ya waya mmoja isivuruge ya jirani yake. Ndiyo maana napinga kabisa kuchana utepe na kuuviringisha eti hewa ipite vizuri ndani ya kasha. Ukishauchana, kinga hiyo umeivunja. Urefu nao usizidi sentimita 45 hivi.

Kwenye ya nyaya 80, plagi ya bluu huenda kwenye mazabodi, nyeusi ya mwisho ni ya masta (diski ya kwanza), ya kijivu ya katikati ni ya slevu (diski ya pili). Usizigeuze.

Sasa kazi ya kisu. Jampa (kile kifuniko kidogo cha pini nyuma ya diski) ikiwa kwenye CS, yaani kebo ndiyo inayochagua masta na slevu, diski husoma pini ya 28: ikikuta ethi inakuwa masta, ikikuta patupu inakuwa slevu. Kebo ya kawaida ya nyaya 40 haina mgawanyo huo, lakini unaweza kuutengeneza, mradi mazabodi yako inaipa pini hiyo ethi. Hesabu kuanzia ukingo wenye mstari mwekundu, huo ndio waya wa 1, mpaka ufike wa 28. Kata kati ya plagi ya katikati na ya mwisho, si kwingineko. Toa kipande cha nusu sentimita ili ncha zisigusane, kisha funga kwa tepu ya umeme. Angalia sana wa 27 na wa 29, kwani ukikwaruza mmojawapo umejitengenezea ugonjwa mpya.

Hapo masta atakuwa wa katikati. Kwa diski mbili ni sawa. Kwa diski moja siishauri, kwa kuwa mkia unaoning'inia bila diski hurudisha mawimbi ya umeme nyuma na kuchafua data. Watengenezaji wa kebo za nyaya 80 walilikwepa hilo kwa kutokata waya wowote. Waliondoa tu mguso wa pini ya 28 ndani ya plagi ya kijivu. Mwenye diski moja aweke jampa ya masta na kutumia plagi ya mwisho.

Ukitaka ushahidi kabla ya kununua diski mpya, soma SMART, kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiwekea yenyewe, kipengele cha 199. Kinahesabu data iliyoharibika njiani. Kikipanda huku cha 5 na cha 197, vinavyohesabu sehemu mbovu za diski yenyewe, vimetulia, shuku kebo au plagi zake. Windows XP ikikusanya makosa 6 hushusha kasi, na ikiendelea hivyo huishia kwenye PIO, njia ya polepole inayoitumikisha prosesa kuhamisha data, na hapo mashine nzima hukokota. Badilisha kebo, futa chaneli ya IDE kwenye orodha ya vifaa, washa upya ili DMA irudi. Namba ya 199 haishuki, kwa hiyo iandike, nakili faili kubwa, uisome tena. Ikibaki palepale, na cha 5 na cha 197 bado vimetulia, yaelekea tatizo lilikuwa kebo, si diski.