Mpito wa awamu katika mfumo unaosukumwa

Chukua ubao wa drafti wenye vyumba 64, upange kete 32 ovyoovyo. Kila kete inapenda kukaa jirani na kete nyingine, na inaruhusiwa kuhamia chumba cha jirani kilicho kitupu. Joto likiwa kali, kete hurukaruka bila mpangilio. Ukilipunguza, hufika mahali zikakusanyana upande mmoja na kuacha upande wa pili wazi. Mgeuko huo ndio mpito wa awamu. Wanafizikia huita chumba chenye kete spini ya juu, na kitupu spini ya chini.

Ernst Ising alionyesha mwaka 1925 kwamba spini zikipangwa kwenye mstari mmoja, mpito huo hautokei. Kwa ubao wa pande mbili, Lars Onsager alikokotoa mwaka 1944 halijoto kamili ya mpito: takriban 2.269, ikipimwa kwa nguvu ya mvuto kati ya spini jirani.

Hayo yote ni ya mfumo ulio katika msawazo, kama chai iliyopoa mezani. Waya wa taa inayowaka ni habari nyingine. Joto lake halipandi wala halishuki, lakini mkondo unapita ndani yake muda wote.

Mwaka 1983 wanafizikia Katz, Lebowitz na Spohn waliuweka ubao katika hali hiyo. Kete zinasukumwa kuelekea kulia, na inayotoka ukingoni inaingia tena kushoto. Kete yenye majirani watatu, ambayo kwa kawaida ingesita kuwaacha na kwenda penye mmoja, sasa inakwenda tu ikiwa njia ni ya kulia. Msukumo ukiwa mkali kabisa, kurudi kushoto hakuna. Kupanda na kushuka bado kunafuata joto.

Ungedhani vurugu hiyo itavunja mpangilio, na mimi nilidhani hivyo. Kumbe halijoto ya mpito inapanda hadi karibu mara 1.4 ya ile ya Onsager! Kete hujipanga katika ukanda mmoja unaolala sambamba na msukumo. Hesabu ya nishati peke yake haitoshi kulieleza jambo hili, kwa sababu msukumo unamwaga nishati ndani ya mfumo bila kukoma.

La ajabu zaidi liko kwenye uhusiano kati ya vyumba vilivyo mbali. Katika msawazo, juu ya halijoto ya mpito, uhusiano huo hufifia upesi mno. Ukisogea vyumba vichache tu, kete haina habari na mwenzake. Katika ubao unaosukumwa haufi hivyo hata joto likizidi: umbali ukiongezeka mara mbili, uhusiano hubaki robo. Chanzo ni mambo mawili. Kete hazizaliwi wala hazipotei, kwa hiyo msongamano husambaa polepole. Tena msukumo huharibu ulinganifu kati ya mtikisiko (kete kurukaruka ovyo kwa joto) na usambaaji, ambao katika msawazo ni uleule kila upande. Kwenye njia ya msukumo, kete hualikana. Kwenye njia ya kukata, yaani ya juu na chini inayoukata msukumo, hukwepana.

Ndiyo maana anayeiga mfumo huu kwenye kompyuta hawezi kutosheka na ubao wa mraba. Karibu na mpito, mipangilio hurefuka kwa kasi zaidi upande wa msukumo kuliko upande wa kukata, na ubao nao lazima urefushwe kuifuata.