Je, wokovu unaweza kupotea? Dhana potofu tunazorithishana, na ukweli wake

Ndani ya jalada la Biblia niliyokuwa nayo ujanani kuna tarehe nne, kila moja kwa kalamu yake. Tatu zimekatwa. Zote ziliwahi kuwa "siku niliyookoka". Mhubiri akiuliza ni nani hana hakika, usiku huu akifa, ataamkia wapi, mimi nilikuwa wa kwanza kusimama. Naenda mbele, naongozwa sala ya toba, narudi nyumbani, nakata tarehe ya zamani na kuandika mpya. Hakuna aliyewahi kuniuliza ninaogopa nini hasa.

Nilikuwa nimeokota maneno ya pande mbili bila kujua kwamba ni pande mbili. Wengine walisema ukiokoka umeokoka. Wengine walisema kesha, ukisinzia kidogo umeupoteza. Baadaye nilipoanza kusoma yale ambayo pande hizo zimeandika zenyewe, nikakuta mengi niliyoyaamini hayapo upande wowote.

"Wokovu unaweza kunipotea bila mwenyewe kujua"

Hii ndiyo iliyonikatisha tarehe zile tatu. Kiswahili kinatofautisha vizuri kati ya kupotewa na kitu, kupokonywa kitu na kukiacha kitu. Ufunguo hukupotea: unatia mkono mfukoni, haumo, wala hujui ulidondoka wapi. Mkoba hupokonywa na mwenye nguvu kuliko wewe. Ndoa huachwa, na anayeiacha anajua anachofanya.

Yesu anapowazungumzia kondoo wake katika Yohana 10:28 anasema, "wala hakuna mtu atakayewapokonya katika mkono wangu." Kwa hiyo kupokonywa hakumo. Kupotewa kama ufunguo nako sijakuona katika fundisho rasmi la kanisa lolote kubwa. Wanaosema wokovu unaweza kupotea wanazungumza juu ya kuacha.

Chukua Wakatoliki, ambao wengi huwadhania kuwa ndio wakali kupita wote. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wao, katika tamko lake la tarehe 13 Januari 1547, ulisema kwamba neema ya kuhesabiwa haki hupotea kwa dhambi yoyote ya mauti, hata kama imani imebaki. Ukisikia hivyo unatetemeka. Lakini kwa mafundisho ya Kanisa hilo, dhambi haiwi ya mauti mpaka mambo matatu yakutane: jambo lenyewe liwe zito, mtu awe anajua kikamilifu, na aridhie kwa makusudi. Kisha kuna kitubio, yaani sakramenti ya kuungama dhambi, na neema hurudishwa. Yapo mengi ya Trento nisiyokubaliana nayo, ila nakiri ilikuwa na huruma kuliko ile hofu niliyokuwa nikilala nayo.

"Kuanguka kutoka katika neema ni kutenda dhambi kubwa"

Maneno hayo yametoka Wagalatia 5:4. Isome aya nzima: "Mmetengwa na Kristo, ninyi mtakao kuhesabiwa haki kwa sheria, mmeanguka na kutoka katika hali ya neema." Wanaoambiwa hivyo si walevi wala wazinzi. Ni watu wa dini, wenye bidii, waliotaka kutahiriwa ili wajihakikishie nafasi yao mbele za Mungu. Paulo anawaonya wanaojaribu kuulinda wokovu kwa jasho lao. Niliisoma aya hii mara nyingi nikiogopa dhambi zangu, kumbe ilikuwa inaizungumzia hofu yangu yenyewe.

"Calvin alifundisha kwamba ukiokoka umeokoka, ishi utakavyo"

Wanaolikataa fundisho hili hulisema hivyo, na baadhi ya wanaolipenda nao hulisema hivyo hivyo. Ni kosa kwa wote.

Msimamo wa Wakalvini, wafuasi wa John Calvin, mwanamatengenezo wa kanisa wa karne ya 16, uliandikwa rasmi katika Sinodi (mkutano wa kanisa) ya Dordrecht, Uholanzi, iliyokaa kuanzia Novemba 1618 hadi Mei 1619. Jina lake ni kudumu kwa watakatifu, na jina hilo lina uzito: wanaookolewa ni wanaodumu. Sinodi haikusema waamini hawaanguki. Ilimtaja Daudi, ikamtaja Petro, ikasema wateule wanaweza kuanguka vibaya, wakamhuzunisha Roho, wakajeruhi dhamiri zao, wakakosa kuionja neema kwa muda mrefu. Ilichokana ni kwamba Mungu atawaacha huko moja kwa moja. Atawarudisha, na watarudi kwa kutubu.

Sasa mtu aliyekwenda mbele miaka ishirini iliyopita, na tangu siku ile hana habari na Kristo wala hataki kuwa nayo? Mkalvini hamwambii "usijali, uliokoka". Anafungua 1 Yohana 2:19: "Walitoka kwetu, lakini hawakuwa wa kwetu. Maana kama wangalikuwa wa kwetu, wangalikaa pamoja nasi." Ile sura nyingine, kwamba aliyeamini kweli siku moja ataingia mbinguni hata akiikana imani na kufa akiikana, ilipata wahubiri wake katika karne ya 20, hasa Marekani. Wana hoja zao, lakini si haki kumtwika Calvin mzigo huo.

Hapa pana jambo ambalo mabishano yetu hulificha. Mweke mbele yako mtu aliyeamini, akahudumu, akaiacha imani, akafa hivyo. Mmethodisti atasema: alikuwa nao, akauacha. Mkalvini atasema: hakuwa nao tangu mwanzo. Wanapishana juu ya yaliyopita. Juu ya mtu yule alivyo siku ya kufa, hakuna kati yao anayempa mwenzake faraja kubwa zaidi.

"Waprotestanti wote ni wa usalama wa milele"

Yaani, kwamba wote hufundisha wokovu haupotei kamwe. Hapana. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, tamko la imani ambalo Walutheri wanalishika hadi leo, katika kifungu cha 12 linawalaani wazi wanaosema kwamba aliyekwisha kuhesabiwa haki hawezi kumpoteza Roho Mtakatifu. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, aliandika kijitabu kuhusu suala hili mwaka 1751 akishikilia kwamba mwamini wa kweli anaweza kuanguka hata akapotea milele. Wapentekoste wengi wamerithi kwake, hata wasiojua jina lake.

Jacobus Arminius, mwanateolojia wa Uholanzi, ndiye anayenichekesha kidogo, maana jina lake ndilo tunalolibandika kwa kila anayesema wokovu unapotea. Yeye mwenyewe mwaka 1608 alisema hajawahi kufundisha kwamba mwamini wa kweli anaweza kuanguka kabisa na kuangamia, ingawa yako maandiko aliyoyaona yanaelekea huko. Alifariki 1609. Wafuasi wake walipotoa vifungu vyao vitano mwaka 1610, kile cha tano kilisema suala hili linahitaji kuchunguzwa zaidi katika Maandiko kabla hawajalifundisha kwa hakika. Walikuja kuamua baadaye. Natamani wabishi wa siku hizi wangekuwa na subira ya kifungu kile cha tano.

"Nimeokoka, kwa hiyo yameisha"

Kiambishi -me- tunakitumia vibaya hapa. Ukisema "nimesimama" husimulii tu kwamba uliinuka wakati fulani. Unasema uko wima sasa hivi. "Nimeokoka" ni hivyo hivyo: kuna jambo lililotokea, na hali yake inaendelea. Ndiyo maana Waefeso 2:8, "mmeokolewa kwa neema", inatafsirika vizuri mno katika lugha yetu, kwa sababu kitenzi cha Kiyunani pale kina tabia ileile.

Agano Jipya halikuishia hapo. Paulo huyohuyo anasema katika 1 Wakorintho 1:18 "sisi tunaookolewa", na katika Warumi 5:9 anasema "tutaokolewa". Tumeokolewa, tunaokolewa, tutaokolewa. Mtu anapouliza kama wokovu unapotea, kwanza aseme anamaanisha upi kati ya hiyo. Kitu kisichokamilika bado hakipotei kwa namna ileile na kitu ulichokwisha kukabidhiwa mkononi. Waorthodoksi, ambao hawakuwa sehemu ya mabishano ya Dordrecht, huuzungumzia wokovu zaidi kama safari, na swali letu wanaliona geni kidogo.

"Aya moja inamaliza ubishi"

Nimeona watu wakirushiana aya kama mawe. Soma Zaburi 51. Katika aya ya 11 Daudi analia, "wala roho yako mtakatifu usiniondolee." Anayesema wokovu unapotea anashangilia: unaona, anaweza kuondolewa! Aya ya 12 inasema, "Unirudishie furaha ya wokovu wako." Wa upande wa pili naye anashangilia: unaona, kilichotoka ni furaha, si wokovu! Daudi alikuwa akilia, hakuwa akiandika mtaala. Zote mbili ni sala za mtu mmoja, katika pumzi moja.

"Mwenye mashaka hajaokoka"

Laiti mtu angeniambia hili nikiwa kijana. Usalama ni jambo moja, uhakika ni jingine. Mtoto aliyelala mgongoni mwa mamaye yuko salama hata akiota anaanguka. Ungamo la Westminster, tamko la imani la Wakalvini wa Uingereza lililokamilika mwaka 1646, lina sura ya 17 juu ya kudumu kwa watakatifu, kisha sura ya 18, peke yake, juu ya uhakika. Humo Wakalvini hao wanaodhaniwa kuwa na uhakika wa kupitiliza wanakiri kwamba mwamini wa kweli anaweza kungoja muda mrefu na kupambana na magumu mengi kabla ya kuupata, na akishaupata unaweza kutikisika.

Tena fundisho lililokusudiwa kutuliza linaweza kutesa. Ukiambiwa waliorudi nyuma "hawakuwa wa kwetu", unaanza kujiuliza kama wewe mwenyewe ni wa kwao au ni mgeni aliyejichanganya. Upande ule unaogopa kuupoteza wokovu. Upande huu unaogopa kwamba hukuwahi kuwa nao. Nimezijua hofu zote mbili, na usiku wa manane hazina tofauti.

"Waebrania 6 inasema aliyerudi nyuma hawezi kusamehewa tena"

Andiko lenyewe ni gumu, na simwamini anayesema ni jepesi. Linawataja watu waliopewa nuru, waliokionja kipawa cha mbinguni, waliofanywa washirika wa Roho Mtakatifu, "wakaanguka baada ya hayo, haiwezekani kuwafanya upya tena hata wakatubu." Wanaoamini wokovu haupotei husema hao walionja tu, hawakula. Sioni uzito mkubwa katika hoja hiyo, kwa sababu Waebrania 2:9 inasema Yesu alionja mauti, na hakuna anayedhani aliigusa kwa ncha ya ulimi.

Lakini tazama andiko linazungumza juu ya anguko gani. Watu hawa wanamsulibisha Mwana wa Mungu mara ya pili na kumfedhehi hadharani. Si kijana aliyekasirika akatukana, wala mama aliyeacha kusali mwaka mzima kwa uchovu. Ni mtu aliyemgeuka Kristo na kusimama upande wa waliomwua. Na aya tatu mbele, mwandishi anawaambia wasomaji wake kwamba juu yao amesadiki mambo yaliyo mazuri zaidi.

Hata kwa waliomkana kweli, kanisa la kale lililazimika kuamua. Mwaka 250 Kaisari Decius wa Roma aliamuru watu watoe sadaka kwa miungu na kupewa cheti cha kuthibitisha. Vyeti vya namna hiyo, vimeandikwa kwenye mafunjo, vimepatikana Misri. Wakristo wengi walitoa sadaka. Wengine walinunua cheti bila kutoa. Mateso yalipopoa, wakarudi mlangoni wakilia.

Novatian, padre wa Roma, alisema kanisa halina mamlaka ya kuwarudisha. Cyprian, askofu wa Karthago, alikubali warudishwe, lakini kwa toba ndefu, si kwa haraka. Wafuasi wa Novatian walilishika sana andiko hili la Waebrania. Katika karne ya 4 Ambrose, askofu wa Milano, aliwajibu kwamba kisichowezekana ni kubatizwa mara ya pili, si kutubu. Na kama ni mifano, Wesley, aliyeamini kwa moyo wote kwamba wokovu unaweza kupotea, aliandika mahubiri ya kuwaita waliorudi nyuma, akisema amewafahamu wengi sana walioanguka kweli na kurejea.

Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 tunaukumbuka kwa ungamo lake la imani, ila ulitunga pia kanuni, na kadhaa kati yake zinawahusu walioanguka. Kanuni ya 8 inawataka makasisi wa Novatian wanaorudi wakubali kwa maandishi kushiriki pamoja na waliowahi kumkana Kristo wakati wa mateso. Kanuni ya 11 inawahusu waliomkana bila hata kulazimishwa, bila kutishiwa mali wala maisha. Maaskofu wa mtaguso huo wanasema hawastahili huruma, kisha wanawahurumia: miaka mitatu wawe miongoni mwa wasikilizaji, saba wawe wakipiga magoti, miwili washiriki sala bila kupokea Meza ya Bwana. Jumla miaka kumi na miwili. Ni mingi. Lakini kanuni ya 13 inaongeza kwamba yeyote kati yao akiwa anakaribia kufa, asinyimwe chakula cha safari, yaani Meza ya Bwana anayopewa anayekaribia kufa. Na akipona baada ya kupewa, arudi akae na wale wanaoshiriki sala tu.