Akili ya mtoto haitoki kwa mama peke yake

Pemba, mtoto akifeli skuli, si ajabu kusikia: “Kachukua kwa mamake.” Wengi huamini akili hurithiwa kwa mama kwa kuwa mtoto wa kiume hupata kromosomu X (mojawapo ya nyuzi zinazobeba vinasaba, yaani chembe za urithi) kwa mamake. Hilo la X ni kweli. Lakini vinasaba vinavyogusa akili ni mamia kwa mamia, vimetapakaa katika kromosomu nyingi, kila kimoja kina mchango mdogo, na karibu nusu hutoka kwa baba. Anayedai kipo kimoja cha akili, muulize ni kipi.

Tena mjamzito akikosa madini joto ya kutosha, ubongo wa mtoto unaweza kudumaa, awe wa ukoo gani. Soma pakiti ya chumvi dukani: imeandikwa kuwa ina madini joto? Na mtoto anayefinya macho akitazama ubao, apimwe macho kwanza kabla ya kulaumiwa mamake.