Zuio la mahakama dhidi ya mnada wa benki nchini Kenya: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ukishafungua kesi, mnada umesimama.

Ukweli: Kesi peke yake haimzuii dalali. Kinachomzuia ni amri ya zuio la muda, inayoombwa chini ya Agizo la 40 la Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010, pamoja na hati ya kiapo, na cheti cha dharura, yaani hati ya kuiomba korti isikilize ombi haraka, ikiwa mnada umekaribia. Jaji anaweza kuitoa kabla ya kuisikiliza benki, lakini kwa siku zisizozidi 14, na ni lazima benki ifikishiwe amri hiyo ndani ya siku 3. Mpelekee dalali nakala siku hiyo hiyo, akugongee muhuri wa kupokea. Amri iliyobaki kwenye faili ya wakili haimfikii mtu aliyeshika nyundo.

Dhana: Benki imenizidishia riba, kwa hiyo korti itazuia mnada.

Ukweli: Hii ndiyo dhana inayowapotezea watu mashamba. Mahakama za Kenya zimeshikilia mara kwa mara kwamba mzozo wa hesabu pekee hautoshi, kwa kuwa kilichozidi kinaweza kurudishwa kwa pesa. Kipimo ni kile cha kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya 1973: uwe na kesi yenye dalili za kushinda, uonyeshe madhara ambayo fidia haiwezi kuyatibu, na jaji akibaki na shaka, apime ni nani ataumia zaidi. Kusema "ni shamba la babu" hakusaidii sana, kwani ulipoliweka rehani ulikubali kwamba lina bei.

Kinachosaidia ni kasoro katika ilani, yaani notisi ambazo ni lazima upewe kabla ya mnada. Sheria ya Ardhi ya 2012 imeipangia benki hatua. Ukikaa mwezi mmoja bila kulipa, inaweza kukupa ilani ya kifungu cha 90, inayotaja kosa na kiasi cha kulipa, na kukuachia siku zisizopungua 90. Zikiisha, hufuata ilani ya kuuza ya kifungu cha 96, siku 40, ambayo mdhamini na mwenzi wa ndoa aliyeridhia rehani nao hupelekewa nakala. Dalali naye hutoa ya kwake ya siku 45, na mnada haufanyiki kabla ya siku 14 kupita tangu tangazo la kwanza gazetini. Keti na kalenda, uhesabu. Linganisha anwani ya posta iliyo kwenye bahasha na ile ya hati ya rehani, hadi tarakimu ya mwisho ya sanduku. Ukikana kupokea ilani, ni juu ya benki kuthibitisha kwamba ilitumwa.

Kagua pia tarehe ya tathmini ya mali: isiwe imepita miezi 12 kufikia siku ya mnada. Na kama ni nyumba ya ndoa, rehani iliyowekwa bila ridhaa ya mwenzi ina kasoro kubwa kuliko ilani yoyote.

Dhana: Nikipata zuio, deni limeganda.

Ukweli: Riba inaendelea, ingawa kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki hakiruhusu riba ipite salio la mkopo wenyewe lililokuwapo ulipoacha kulipika. Korti yaweza kukutaka uweke sehemu ya deni kama sharti. Zuio lililotokana na ilani mbovu kwa kawaida hudumu hadi benki itoe ilani sahihi, basi. Na kesi isipoamuliwa ndani ya miezi 12, zuio hukoma lenyewe, isipokuwa korti iamue vinginevyo kwa sababu ya kutosha. Tumia muda huo kutafuta mnunuzi wako mwenyewe au kupanga malipo mapya na benki, kwa maandishi.

Dhana: Hata wakishauza, nitalipa nirudishiwe.

Ukweli: Haki ya kukomboa huisha nyundo inapogonga na mkataba wa mauzo kutiwa sahihi. Mnunuzi asiyehusika na hila hulindwa na kifungu cha 99 cha Sheria ya Ardhi, nawe unabaki kuidai benki fidia. Kwa hiyo ombi la zuio liwasilishwe siku 45 za dalali zikiwa bado zinahesabika.