Mshono ukikauka nje, mfuko wa uzazi bado unajijenga

Kliniki ya wazazi tunazidi kupokea lalamiko moja: mama aliyejifungua kwa upasuaji anaambiwa asubiri kabla ya kubeba mimba nyingine, naye anaona anacheleweshwa bure kwa kuwa mshono "umeshakauka".

Ngozi hufunga mapema, mara nyingi ndani ya wiki 2. Kufunga si kupata nguvu. Wiki ya 3 ngozi ina takribani asilimia 20 tu ya uimara wake wa awali, na baada ya miezi 3 hufika karibu 80. Mfuko wa uzazi ni msuli. Kovu lake hujijenga kwa miezi 6 au zaidi, na pengine hubaki jembamba bila mama kuhisi lolote. Ndiyo maana tunasema subiri. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri, kwa kila mama aliyejifungua mtoto hai, ipite angalau miezi 24 hadi mimba inayofuata. Anayetajiwa uzazi wa mpango wodini hanyimwi watoto.

Jingine: kovu la nje halionyeshi mkato wa ndani. Ngozi inaweza kukatwa kwa mlalo, mfuko ukakatwa wima, na mwenye mkato huo wa wima haachwi aingie kwenye uchungu. Mwenye mkato mmoja wa mlalo, sehemu ya chini ya mfuko, mara nyingi anaweza kujaribu njia ya kawaida. Hatari ya mfuko kuchanika ni kama 5 kati ya 1,000, ila ajifungulie hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu ya kuongezewa. Kwa hiyo kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani, hakikisha karatasi yako ya kuruhusiwa ina tarehe, sababu ya upasuaji, aina ya mkato wa mfuko na matatizo yaliyojitokeza. Itunze pamoja na kadi ya kliniki, baki na nakala, na ukihama mkoa safiri nayo. Ikikosekana, daktari hulazimika kuchukua tahadhari zote, kisha tunalaumiwa kwa kupenda kisu.

Na tafadhali, msikande mshono kwa maji ya moto, msipake majivu wala dawa ya meno. Tumelisema hili miaka mingi! Maji safi, sabuni na kukausha vinatosha.

Ganzi na muwasho kwa miezi kadhaa ni kawaida. Kovu kutuna hutokana na maumbile ya ngozi, si uzembe wa mshonaji. Lakini homa, usaha, mshono kufumuka, damu nyingi au uchafu wenye harufu ukeni, rudi hospitali siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki.