Mwenye bunduki haingii ndani

Watu wengi wanadhani askari mwenye silaha gerezani ndiye anayekaa karibu zaidi na wafungwa. Ni kinyume chake: kazi yake ya kwanza ni kuwa mbali nao. Nimefundisha askari wapya wa ulinzi hapa Unguja, na hili ndilo linalowakera vijana wanaokuja na hamu ya kushika bunduki.

Ndani ya uzio askari ni wachache na wanafunzi ni wengi (ndivyo wafungwa wanavyoitwa huku, maana gereza letu ni Chuo cha Mafunzo). Bunduki ikiingia humo, ni ya yeyote atakayewahi kuinyakua. Kwa hiyo anayefungua milango, anayehesabu watu na anayesimamia chakula huingia mikono mitupu, filimbi shingoni. Mwenye silaha hubaki mnarani, getini au nje ya uzio. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015, zilizopewa jina la Mandela, zinasema hivyo hivyo: anayekutana na wafungwa ana kwa ana asibebe silaha ila kwa hali maalumu, na asiyefunzwa kuitumia asipewe kabisa.

Zamu huanzia kwenye ghala la silaha. Namba ya bunduki husomwa kwa sauti na kulinganishwa na daftari. Risasi humiminwa mezani zikahesabiwa moja moja, anayetoa na anayepokea wakitazama wote, ndipo watie saini. Wakati wa kurudisha kuna pipa la mchanga: mtutu unaelekezwa humo, magazini inatolewa, chemba inafunguliwa, na askari anatia kidole kuhakikisha ni tupu, kwani usiku jicho halitoshi. Hapa kwetu naongeza suala la chumvi. Mtaani kwetu Kilimani upepo unatoka baharini, na bunduki isiyopakwa mafuta haichelewi kushika kutu.

Lindo gumu kuliko yote ni la baada ya daku, mwezi wa Ramadhani. Mkuu wa zamu mwenye akili hulifupisha na kulipitia mara kwa mara. Askari anayesinzia na bunduki mapajani ni ghala lililoachwa wazi.

Sasa swali ninaloulizwa hata harusini: mwanafunzi akikimbia, unampiga risasi? Misingi ya Umoja wa Mataifa ya matumizi ya nguvu na silaha, iliyopitishwa Havana mwaka 1990, imeweka mpaka mwembamba. Ni kujitetea, au kumtetea mtu anayekabiliwa papo hapo na hatari ya kufa au kujeruhiwa vibaya. Au kumzuia asitoroke mtu ambaye mwenyewe ni hatari ya namna hiyo, pale ambapo njia nyengine hazitoshi. Kabla ya kufyatua unajitambulisha, unaonya, unampa muda wa kutii, isipokuwa kama kuchelewa kutagharimu maisha. Mwizi wa mbuzi aliyeruka seng'enge hajafika huko. Piga filimbi, toa taarifa, afuatwe. Hiki ni kisiwa, bwana. Mara nyingi mtu wa kwanza kumwona atakuwa shangazi yake.

Kumsindikiza mwanafunzi nje ya gereza kunanitia wasiwasi kuliko mnara. Chukua hospitali ya Mnazi Mmoja asubuhi: foleni, watoto, jamaa wanaotaka kusalimia na kumpa mgonjwa wao kifuko cha chakula. Askari asiye na silaha huandamana na mwanafunzi bega kwa bega. Mwenye bunduki yuko nyuma hatua kadhaa, mtutu chini, hapokei mzigo wa mtu wala hashiki simu. Daktari akiita, yeye anabaki mlangoni. Na mwanamke hafungwi pingu akiwa na uchungu, anapojifungua, wala mara tu baada ya hapo. Askari asiyelijua hilo atagombana na wakunga, na wakunga watakuwa na haki.

Risasi ikishatoka, anayehitaji tiba atibiwe kwanza na jamaa zake wajulishwe mapema. Ganda la risasi linaachwa lilipoanguka. Ripoti inaandikwa zamu hiyo hiyo: saa, umbali, maneno ya onyo kama yalivyotamkwa, nani alikuwapo. Askari wapya nawaandikisha ripoti ya namna hiyo darasani kabla hawajakwenda kwenye shabaha. Hulalamika kuwa hiyo ni kazi ya karani. Anayeandika "nilimwonya" bila kutaja alisema nini, namrudishia karatasi aanze upya.