Je, wajua? Simu ikizama Likoni, bitcoin zako hazizami nayo

Feri ya Likoni imefurika, watu wamebanana, simu inamponyoka mtu na kutumbukia majini. Ndani ya simu hiyo mlikuwa na pochi ya bitcoin, ya aina ambayo mwenyewe anashika ufunguo wake bila kampuni yoyote katikati. Je, hela zimezama?

Utasikia majibu mawili. Mmoja atasema zimekwenda, basi tena. Mwingine atasema zipo, awapigie tu wenye programu wamrudishie. Wote wawili wamekosea, na kosa la huyu wa pili ni la hatari zaidi kwa sababu linampa mtu utulivu asiostahili kuwa nao.

Bitcoin haijawahi kukaa ndani ya simu. Tangu mtandao wake uanze Januari 2009, kilichopo ni daftari moja la miamala, na nakala zake zimo katika maelfu ya kompyuta duniani. Daftari linaonyesha anwani ipi, yaani namba ya kupokelea hela, imepokea nini na imetoa nini. Simu hubeba ufunguo tu, yaani namba ndefu ya siri inayotia sahihi unapotaka kutuma. Simu ikizama, daftari halina habari.

Mkenya ana njia ya mkato ya kulielewa hili, nayo ni M-Pesa. Tangu 2007 tumezoea kwamba salio haliko kwenye laini. Ukipoteza simu unaenda dukani na kitambulisho, unapewa laini mpya yenye namba ileile, na salio liko vilevile. Hadi hapo bitcoin inafanana nayo. Lakini hebu tuangalie ni nini hasa kilichokurudishia hela. Haikuwa simu, wala haikuwa namba yako ya siri. Ilikuwa kitambulisho, kwa sababu daftari la M-Pesa linajua jina lako na kuna mhudumu wa kulilinganisha na sura yako. Daftari la bitcoin halina jina la mtu hata mmoja. Hakuna dirisha la kwenda kujieleza, wala hakuna namba ya kutumia ujumbe uliokosewa, kama 456, ili muamala urudishwe. Mahali palipokuwa na kitambulisho pamesimama maneno 12, ambayo programu ya pochi hukuonyesha uyanakili unapoifungua mara ya kwanza.

Na hapo ndipo mambo yanapogeuka. Mwizi wa M-Pesa anahitaji laini yako na namba yako ya siri. Mwenye maneno yako 12 hahitaji chako kingine chochote. Anaweza kuwa nchi ya mbali, akayaandika kwenye simu yake na kuhamisha kila kitu huku simu yako umeishika mkononi, imefungwa kwa alama ya kidole. Namba ya siri uliyoweka kwenye programu inalinda simu ile tu.

Maneno hayo yana nguvu hivyo kwa nini? Unapofungua pochi mpya, programu huchagua kwa bahati nasibu namba ya biti 128, yaani mfuatano wa sifuri na moja 128. Idadi ya namba za aina hiyo ikiandikwa ina tarakimu 39, kwa hiyo kubahatisha ya mwenzako ni kazi isiyofika mwisho. Ila namba kama hiyo mtu hawezi kuinakili kwa mkono bila kukosea. Ndiyo maana mwaka 2013 ukapendekezwa utaratibu uitwao BIP39: orodha ya maneno 2,048, kila neno likisimama badala ya biti 11. Maneno 12 yanabeba biti 132, yaani zile 128 za siri na 4 za kuhakiki. Ukiyaandika kwenye simu mpya, programu haimuulizi mtu yeyote. Inayasaga kwa hesabu ileile mizunguko 2,048, inapata mbegu moja, na kutokana na mbegu hiyo funguo zako zote zinazaliwa upya kwa mpangilio uleule. Hata intaneti haihitajiki kufika hapo. Kwangu hili ndilo jambo la ajabu kuliko yote katika somo hili: hakuna kitu kilichorudishwa kutoka mahali popote, funguo zimekokotolewa tena kutoka mwanzo.

Zile biti 4 za kuhakiki zina maana yake. Ukishakuwa na maneno 11 ya kwanza, ni maneno 128 tu kati ya 2,048 yanayokubalika kufunga orodha. Kwa hiyo usijitungie maneno yako mwenyewe. Mengi yatakataliwa, na hata yakikubalika, chaguo la binadamu halina bahati nasibu ya kutosha. Kuna orodha ya Kiingereza, Kifaransa, Kireno, Kijapani na lugha nyingine kadhaa, lakini ya Kiswahili haimo katika zile rasmi, hivyo wengi wetu tunanakili maneno ya Kiingereza. Afueni ni kwamba katika orodha hiyo herufi nne za mwanzo zinatosha kulitambulisha kila neno.

Kukata karatasi vipande viwili na kuvificha mbalimbali kunaonekana ujanja, lakini kipande kimoja kikipotea umepoteza vyote. Kuvuruga mpangilio nako hakusaidii sana: mipangilio ya maneno 12 ni 479,001,600, na kompyuta huweza kuijaribu yote.

Sasa karatasi yenyewe. Mombasa si rafiki wa karatasi. Katika nyumba za mawe ya matumbawe Mji wa Kale kuta hunyonya unyevu, na karatasi iliyolazwa kabatini kati ya kanga inaweza kutoka na madoa ya ukungu, wino umetanda hadi herufi moja inasomeka kama nyingine. Penseli huvumilia maji kuliko wino mwingi. Kuchapisha saibakafe ni kosa kubwa, kwa sababu maneno yamepita kwenye kompyuta ya watu. Wengine hugonga herufi kwenye kibati, wazo zuri, lakini chuma cha kawaida hushika kutu haraka kwa hewa ya chumvi, na alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660, kiwango ambacho moto wa nyumba unaweza kukipita. Tafuta stenlesi, hasa ya daraja la 316 inayotumika kwenye vyombo vya baharini. Nyundo na herufi za kugonga ushike mwenyewe. Fundi hata awe jirani mwema, akigonga yeye ameyasoma.

Weka nakala mbili katika nyumba mbili, kisha ujaribu kabla ya kuweka akiba ya maana: tuma kiasi kidogo, futa programu, rudisha kwa kusoma kile ulichoandika. Salio likitokea, maandishi yako yanafanya kazi.

Usiyapige picha, tafadhali. Picha mara nyingi hupanda yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, na Februari 2025 kampuni ya usalama ya Kaspersky ilitangaza kugundua SparkCat, programu hasidi iliyojificha ndani ya programu zilizokuwa Google Play na App Store, ikipekua picha za simu kutafuta maneno haya haya. Vifaa maalumu vya kuhifadhia ufunguo, kama Trezor na Ledger, husaidia kwa kuwa ufunguo haupiti kwenye simu. Lakini kifaa kikikujia na kadi iliyokwisha kuandikwa maneno, aliyeyaandika anayo pia. Usiweke hata senti.

Limebaki la mirathi, ambalo familia nyingi hazilizungumzi. Mahakama za Kadhi, zinazotambuliwa na Kifungu cha 170 cha Katiba, zinaweza kugawa mafungu ya nyumba, shamba na akaunti ya benki, na benki ikatii amri. Daftari la bitcoin halipokei amri ya mahakama. Baba akifa na maneno yake, mjane na watoto wataweza kuiona anwani, kiasi kimekaa pale, na hakuna wa kukigusa. Kwa hiyo watu wa nyumbani wajue kwamba mali hiyo ipo, iko katika programu gani, na kibati kimewekwa kwa nani. Maneno yenyewe yasiandikwe ndani ya wosia, kwa sababu wosia hupita mikononi mwa wengi, na yeyote kati yao anaweza kuhamisha kila kitu kabla warithi hawajaketi.